Perege wa jirani walikufa, nikaitwa muuza soya ya GMO

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe hapa Nanganga, Masasi. Sitii chumvi.

Nauza soya, na mwenyewe nafuga perege kidogo. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa perege, wanaichanganya na pumba na dagaa kupata chakula cha samaki.

Mwaka huu perege wa jirani yangu, Baba Salumu, wakaanza kususa chakula. Matumbo yanavimba, kisha wanaelea wamekufa. Mzee huyu kwao ni Newala, Chilangala huko, korosho anazijua kuliko samaki.

Akatupia picha ya samaki waliokufa kwenye kundi letu la WhatsApp: "Soya ya Mama Shufaa ni GMO, inaozesha utumbo wa samaki."

Mama Shufaa ndiye mimi. Basi, wateja wakakata mguu. Soya hiyo ndiyo inasomesha wanangu, wakuu. Niliumia sana.

Kusema kweli, kama ni GMO, yaani ya mbegu iliyobadilishwa vinasaba, au siyo, mimi sijui. Gunia halijaandikwa. Ila samaki wangu wanakula soya hiyohiyo na wako freshi.

Nikamfuata. Shikamoo, marahaba, tukapasua samaki mmoja. Utumbo mwekundu, umevimba. Nikamuuliza kama soya anaikaanga, maana ikiwa mbichi nayo inasumbua utumbo wa samaki.

"Naikaanga vizuri sana, Mama Shufaa. Njoo uone."

Akanionesha karai. Jeusi, linanata. Ndilo analokaangia korosho na maganda yake kabla ya kubangua. Sisi wa huku tunajua mafuta ya yale maganda yanavyobabua vidole. Sasa yalikuwa yanaingia kwenye soya.

Nikamwambia, "Wewe ukibangua unajipaka majivu mikononi, baba. Samaki unampaka nini utumboni?"

Akanunua karai jipya, akaendelea na gunia lilelile. Vifo vikakoma.

Funzo langu ni dogo tu. GMO siitetei wala siipondi, wataalamu wapo. Ila kabla hujalaumu chakula, angalia kwanza kimekaangwa kwenye nini.

Baba Salumu ameniomba radhi, tena kwa adabu kabisa. Uani kwake, tukiwa wawili.

Kwenye kundi ile picha bado ipo, hajaandika neno. Na jana kaja kununua soya. Nimempimia.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Semeni, nasoma.