Mto kwa Kiingereza

Juzi, katika hoteli moja mjini, nilimwona mhudumu akibadilisha foronya huku akinong'ona maneno ya Kiingereza. Nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mdogo tulikaa mtaa wa Ngarenaro, tukipakana na mafundi wa kuchomelea mageti. Mchana mmoja mama alikuwa akipiga pasi ya mkaa sketi yake ya kanisani, na haikuwa Jumapili. Chumba kilinuka moshi. Midomo yake ilicheza: "Bedi. Shiti. Sabuni ni sopu." Aliponiona akauliza, "Wewe wa darasa la tatu, mto kwa Kiingereza ni nini?"

"Riva," nikamjibu.

"Riva, riva," akarudia.

Nikaingiwa na wasiwasi. Ni mto gani huo anaotaka kuuvuka? "Mama, unasafiri?"

"Siendi mbali," alisema bila kunitazama, nami sikumwamini. Alipotoka nililia, na kelele za mafundi zikameza kilio changu.

Alirudi jua likiwa bado kali, akicheka peke yake. Alikuwa ameenda kwenye gesti moja ya mtaa wa Levolosi, inayopokea wazungu, kuomba kazi ya usafi. "Mwenye gesti kanionyesha mto wa kulalia, kaniuliza unaitwaje kwa Kiingereza. Nikamwambia riva! Kacheka mpaka kakaa kitandani, halafu kanipa kazi."

Leo ningecheka naye. Siku ile niliona gesti ni kisingizio tu, ananificha safari. Jumamosi nikamfuata kwa siri, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiyatazama madirisha ya gesti, mpaka alipotokea kwenye dirisha la ghorofani, akaniona, akaniita kwa mkono nipande juu.