Walburga wa Ellerfels na Wageni Arobaini na Mmoja

Watu wakipanda pantoni langu hawaulizi jina la mto, wala umri wa ngome iliyobomoka kule kilimani. Wanauliza watakula wapi. Huu ni mwaka wa ishirini na sita navusha watu hapa Ellerfels, na kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa moja: "Pandeni hapo juu, nyumba yenye milango ya kijani, kwa Mama Walburga."

Zamani hapa Ellerfels kulikuwa na nyumba tano za kulia. Moja ilikufa na mwenyewe. Ya pili watoto waliikataa, wakaenda zao mjini. Mbili zilishindwa na mafuriko, maana mto wetu, Mosel, ukipanda hauombi ruhusa ya kuingia jikoni. Ikabaki ya Walburga upande wetu, na ng'ambo, kijiji cha Pommerath, ikabaki ya Edeltraud, dada wa marehemu mumewe. Mawifi hao wawili walitenganishwa na mita mia na hamsini za maji, na walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na mmoja.

Sababu yake ilikuwa supu. Alfons, mume wa Walburga, alipofariki, waombolezaji tisini walitoka makaburini wakaja kula kwake kama ilivyo desturi. Hakutaka mpishi mwingine aingie jikoni mwake, basi akapika mwenyewe, mjane wa siku nne, nguo nyeusi chini ya aproni. Edeltraud akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini, akasema mbele ya padri na watu wote, "Kaka yangu anazikwa kwa maji ya mto?"  Walburga alikusanya sahani zote tisini, akaziosha, na toka siku hiyo hakukanyaga pantoni langu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, mzaliwa wa milima ya Eifel, aliyekuja kuolewa huku kwenye mizabibu akiwa na miaka ishirini na miwili. Watu walimjia kwa ajili ya viazi. Alivikwaruza asubuhi, akavichanganya na vitunguu na mafuta ya nguruwe, akavioka saa mbili nzima ndani ya chungu cha chuma mpaka juu pakawa na gamba la kahawia, kisha akavipakua na tufaha zilizopondwa. Nimevila kila Jumanne kwa miaka, wakati wa mapumziko yangu ya mchana, na sijavichoka.

Yeye ndiye aliyechoka. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sitini na tisa. Mwezi wa kwanza mto uliingia jikoni kwake, mara ya nne tangu aolewe, ukaacha tope hadi magotini. Aliliondoa kwa koleo wiki tatu, akisaidiwa na mwanamke jirani aliyekuwa akihudumia meza siku za Jumamosi. Mpishi wake wa pili alikwisha ondoka, kaenda kupika kwenye meli za watalii. Binti yake Gudrun alikuwa akimpigia simu kutoka Trier kila Jumapili: "Mama, funga biashara. Unamngoja nani?" Naye alikuwa akijibu, "Wenye njaa."

Majira ya joto yalipokwisha hakuwa akipanda ngazi ya chumbani bila kupumzika katikati. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kabati la vyombo, mkono juu ya kitasa. Nikamuuliza, "Mama, umepoteza nini?" Akasema, "Nimesahau nilichofuata, Severin. Nangoja kinirudie." Tulingoja wote wawili. Hakikurudi.

Basi ikawa Jumanne moja ya mwezi wa tisa, zabibu zikikaribia kuvunwa. Karibu mto mzima nyumba za kulia hufunga Jumatatu na Jumanne, na waendesha baiskeli hujaa pale palipo wazi. Walburga alikwisha walisha ishirini. Nilikuwa mezani kwangu karibu na dirisha, chungu cha mwisho kikiwa bado ndani ya oveni, lilipokuja basi likasimama mbele ya milango ya kijani. Wakateremka wazee arobaini na mmoja, kwaya ya kanisa kutoka Westfalia, wengine na mikongojo. Walikuwa wameagiza chakula mahali pengine upande wa juu wa mto, wakakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: mpishi mgonjwa.

Dereva alivua kofia. "Mama, tuokoe. Hawa hawajala tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mmoja ana sukari."

Walburga aliwatazama. Nilimwona akihesabu kwa macho, viti kwanza, halafu viazi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi: alikaa. Alikaa chini palepale kwenye ngazi ya mlango wake, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Mwenye sukari aingie, apewe mkate sasa hivi. Wengine siwezi kuwapikia."

Dereva akageuka kunitazama mimi. 

"Siwezi," Walburga akasema tena, taratibu, kama mtu anayejifunza neno geni. Halafu akanyoosha kidole mtoni. "Vukeni. Yule pale mwenye mwavuli mwekundu. Jumanne hapokei watu lakini yupo ndani, moshi unaonekana. Severin atawapeleka."

Nikamwinamia. "Mama Walburga, una hakika? Kwa Edeltraud?"

"Nimechoka, Severin. Sina nguvu za kupika, na za kununa pia zimekwisha. Wapeleke."

Niliwavusha kwa safari mbili. Edeltraud alikuwa bustanini, kavaa ndara, miguu yake juu ya kiti, nyonga yake ikiwa mbovu tangu mwaka wa jana. Alipoona kundi la kwanza likipanda njia aliinuka kama aliyechomwa na nyuki.

"Severin! Hii ni nini? Leo nimefunga, hujui kusoma?"

"Wana njaa, mama."

"Wapeleke basi kwa bingwa wenu wa viazi."

"Yeye ndiye aliyewatuma."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu. Amesema hawezi tena."

 Edeltraud aliwatazama wale wazee wakijishusha kwenye viti mmoja mmoja, akatazama mto, akatazama tena wazee. "Amesema hawezi? Walburga amesema hivyo kwa mdomo wake?" Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi. "Nina soseji na mayai, na kabichi kidogo. Viazi sina. Mwambie alete vyake. Na mikono yake aje nayo, mimi siwezi kusimama peke yangu."

Nilidhani Walburga angenifukuza na ujumbe ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye oveni, akakizungushia chungu mataulo mawili, akanipa gunia la viazi vibichi nibebe. Kwenye pantoni alisimama ameshika nguzo, akiitazama nyumba yake kutoka majini. "Rangi imebambuka kote," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

Edeltraud alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni.

"Umezeeka, wifi," akasema.

"Na wewe umenenepa. Sogea, chungu kinaunguza."

Walifanya kazi saa nzima bila kuzungumza zaidi ya "nipe kisu" na "hiyo imeiva." Mimi nilimenya. Mara Edeltraud akachota kipande pembeni ya chungu, akapuliza, akatafuna. Walburga aliacha kukata vitunguu.

"Chumvi ipo," Edeltraud akasema.

"Siku ile haikuwepo," Walburga akajibu bila kuinua macho. "Nilijua. Nilikuwa nalia, kila nilichoonja kilikuwa na chumvi. Nikaacha kuonja."

 Edeltraud alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa namlilia kaka yangu," akasema, "nikakutafuna wewe kwa kuwa ulikuwa karibu. Nilijua jioni ileile. Lakini kila mwaka ukipita, mto ulizidi kuwa mpana."

"Basi kata kabichi," Walburga akasema. "Watu wanangoja."

Wale wazee walikula mpaka gamba la chini ya chungu, wakaimba kabla ya kuondoka. Nilipokwisha kuwarudisha kwenye basi lao na kurudi, niliwakuta mawifi wamekaa nyuma ya nyumba, miguu minne ndani ya beseni moja la maji baridi.

"Mimi nitafunga," Walburga alisema.

"Hata mimi. Hii nyonga hainiruhusu."

"Tukifunga wote watakula nyasi hawa."

"Wale nyasi. Sisi tumewazaa?"

Walicheka. Edeltraud ndiye aliyesema wafungue kwa zamu: siku tatu huku, siku nne kule, na asiye na zamu amsaidie mwenye zamu ikimlazimu, vinginevyo alale. Wakagombania nani aichukue Jumapili, kila mmoja akimsukumia mwenziwe, mpaka Edeltraud akashindwa.

Walienda hivyo misimu miwili. Sitasema ujana uliwarudia. Walburga aliendelea kusimama katikati ya ngazi, na Edeltraud alifanyiwa upasuaji usiomsaidia sana. Lakini siku zake za mapumziko Walburga alikuwa akivuka, akiwa amevaa koti zuri, na walikuwa wakienda pamoja kwenye kaburi la Alfons kupalilia.

Msimu wa tatu, mwezi wa kumi na moja, Walburga alifunga kabisa. Gudrun alikuja kumsaidia kushusha kibao cha jina mlangoni. Hakuna aliyenunua nyumba. Sasa kila Alhamisi Walburga anakula ng'ambo kwa Edeltraud kama mteja, meza ya pembeni, na mara nyingi usingizi humchukua kabla ya kumaliza sahani. Wageni humshangaa. Edeltraud huja akichechemea, huchomoa uma polepole mkononi mwake, na kumwacha alale.