Uso Ambao Usipepese Hakuupiga

Mtaa mzima ulimwita Usipepese, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa studioni mwake. Maharusi, wahitimu, vichanga wanaolia: wote aliwatuliza mbele ya pazia lake la buluu. Alijigamba kwamba mtaani hakuna uso asioujua.

Basi akaja mpiga picha mgeni, mwenye viatu vilivyochakaa, eti anawapiga picha watu wakiwa makazini na majumbani mwao. Hakuwa na pazia wala taa. Aliketi pembeni kwenye karakana ya seremala asubuhi nzima, kimya. Usipepese alicheka mpaka akashika mbavu. “Huyo anapiga picha za vumbi,” aliwaambia wateja.

Kicheko kilikatika siku picha za mgeni zilipotundikwa kwenye ukumbi wa mtaa. Katikati alikuwemo mke wa Usipepese, kwenye chumba chake cha kushonea: vipande vya vitambaa sakafuni, pini mbili mdomoni, uzi umenasa kwenye nywele. Na uso ule! Ulikuwa umezama kwenye mshono, una raha tupu. Usipepese aliutazama kama uso wa mke wa mtu, na wivu ukamshika. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone, alijiambia, hawakuwa na wake.

Nyumbani yalimtoka. “Ulikuwa unamchekea nani?”

“Sikuwa namchekea mtu, baba watoto. Nilikuwa natia mkono wa koti.”

“Mbona mimi sijawahi kuuona uso huo?”

“Utauonea wapi? Ukija kazini kwangu unaishia mlangoni, unaniambia nifagie.”

Kesho yake alibeba kamera, akaenda kuketi kwenye gunia la vipande karibu na cherehani, bila neno, kama mgeni yule. Alikaa mpaka mguu ukafa ganzi. Mkewe aliinama, cherehani ikashika mwendo, na taratibu uso ukaanza kulainika. Ndio huo! Akainua kamera.

Mkewe akaiona. Akatoa pini mdomoni, akaondoa uzi kichwani, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini na kukodoa macho.

“Hapana, mama watoto, we shona tu,” Usipepese alimbembeleza. “Jifanye sipo.”

“Nimejaribu tangu asubuhi,” mkewe akajibu, midomo haichezi. “Piga basi, uondoke, nina kazi.”