Kumi na Tano Toa Moja

Mjomba wangu, nesi mstaafu wa Burnsville huku ughaibuni na mzee wa kanisa, ana ugonjwa mmoja tu: bastola kuukuu za silinda. Hazijawahi kuua hata panya. Zinakaa kabatini chini ya kufuli, naye huzifuta vumbi huku akizisemesha. Kwa miaka mingi alitafuta moja tu, modeli ya kumi na nne yenye mtutu mfupi. Zilitengenezwa chache mno.

Siku moja akasikia kuna mzungu wa Oakdale aliyerithi bastola ya kaka yake na hajui ni modeli gani. Balaa ni kwamba mjomba alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa na bandeji, la pili liliona ukungu mtupu. Basi mimi nika-drive, naye akapakata sanduku lenye bastola anayoipenda kuliko zote, ya kubadilishana.

"Utanisomea namba," akaniambia njiani. "Kwa Kiswahili. Yule mzee akijua tunachotafuta, tumekwisha."

Tulipofika nikafungua silinda kwa vidole viwili, uso nimeukunja kama nabadilisha nepi. Ndani, kwenye chuma, palichongwa 15-1. Mimi hesabu naipenda tangu shule ya msingi, na nilitaka kumrahisishia mgonjwa. Nikaimaliza kichwani.

"Kumi na nne, mjomba."

"Soma tena."

"Kumi na nne kamili."

Akaupapasa mtutu. Mfupi. Hapo hapo akamkabidhi mwenyeji kipenzi chake, wakashikana mikono, na mjomba akaimba mapambio kutoka Oakdale hadi mlangoni kwake. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Jumamosi bandeji ikatoka. Akachukua kioo cha kukuzia, akachungulia ndani ya silinda.

"Hapa pameandikwa kumi na tano, kistari, moja."

"Ndiyo. Kumi na tano toa moja."

Akaniangalia kwa macho yote mawili.

"Hiyo si toa, ni toleo. Kiwanda kikirekebisha kitu, kinaongeza kistari na namba. Hapa waligeuza upande wa kukazia skrubu, basi. Na hii ninayo. Ninazo mbili."

Akapiga simu Oakdale. Mzee yule akamjibu kwa upole kwamba bastola aliyopewa ameshaizoea, hairudishi. Mjomba akaketi na kioo chake mkononi. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Sasa zimepangwa tatu zinazofanana kabatini, na kando yake nafasi ya ile kipenzi iko wazi. Wageni wa kanisani wakija huwaonyesha zote, moja moja, na kistari cha kila moja. Akimaliza ananinyooshea kidole mimi niliyeshika sinia la chai.

"Na huyu ni mpwa wangu. Hana kistari. Hajarekebishwa hata mara moja."