Wagonjwa stoo ya pamba, askari mzima kitandani: ukaguzi wa dispensari yetu Busia siku za Mwingereza

Wakuu, na nyinyi wajukuu mnaojiita wakuu, mulembe, amani kwenu.

Nimesoma humu jukwaani siku nyingi bila kuandika. Leo naandika. Haya nilikuwapo, mtoto aliyekuwa anaumwa ni wangu, na sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali moja, siitaji, kupimwa presha. Nikakuta benchi zote zimetolewa nje, watu wanapaka rangi. Binti wa mapokezi ananiambia, "Jaja," yaani bibi, "rudi Alhamisi, tuna wageni wa accreditation, wanakuja kutukagua." Nikamuuliza hao wageni wanaumwa nini. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo nimeshawahi kuliuliza, na siku hiyo lilikuwa si mzaha.

Kaa sasa nikueleze.

Ilikuwa kabla ya uhuru. Mwaka wenyewe msiniulize, kwetu tulihesabu kwa njaa na nzige, si kwa kalenda. Mimi nimezaliwa Iyolwa, Tororo, nikaolewa Busia upande wa Uganda kwa Wasamia. Darasa niliishia la pili. Nilikuwa mfagiaji wa dispensari, chumba kimoja cha vitanda vitano, chumba kingine cha dawa, na nyuma yake stoo ambapo serikali iliweka pamba ya wakulima ikingoja lori.

Bwana wa pale aliitwa Dresa Mika. Dresa ni yule aliyefundishwa kufunga vidonda na kuchoma sindano, si daktari, ila kwetu alikuwa daktari, askofu na hakimu. Kaptula yake ilipigwa pasi mpaka ungeweza kukata nyama nayo.

Mtoto wangu wa kwanza, Egesa, alikuwa hajatimiza mwaka. Akashikwa na kichomi. Kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, pua zinapepea. Dresa Mika akampima, akasema, "Mama Egesa, huyu ni wa penisilini. Sindano saba, kila asubuhi moja. Usiruke hata siku moja. Ukiruka, ugonjwa unarudi na hasira."

Maneno yake mwenyewe. Yashikeni.

Tukachoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu, mtoto akaanza kunyonya vizuri. Nikasema Mungu yupo.

Jumatatu hiyo mchana ikaja barua. Mzungu wa afya anatoka Mbale, atakagua dispensari Alhamisi.

Wakuu, sijawahi kuona barua inayotia watu ugonjwa kama ile. Dresa Mika aliketi akatoka jasho. Halafu akasimama akaanza kazi, na ile kazi haikuwa na mgonjwa ndani yake hata mmoja.

Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Miti ikapakwa chokaa. Choo kikapakwa chokaa ndani na nje, tukakatazwa kukitumia. Chupa za dawa zikapangwa kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele, za vidonda zikalala na za tumbo. Zilizokuwa tupu zikajazwa maji na wino kidogo. Nilimuuliza hizo za wino zinatibu nini. Akaniambia, "Fagia."

Jumanne asubuhi nikamleta Egesa kwa sindano ya nne.

"Dresa, ya leo."

"Leo hapana. Sindano imechemshwa, imepanguswa, iko sandukuni chini ya kitambaa cheupe. Haiguswi mpaka Alhamisi."

"Imechemshiwa nani?"

"Mzungu."

"Mzungu anaumwa?"

Hapo ndipo nililiuliza. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na mbuzi wake mwenyewe. "Mama Egesa, mimi nina kazi ya kupoteza."

Mimi nilikuwa na mtoto wa kupoteza, lakini hilo halikuandikwa kwenye barua.

Wale wanaosema zamani kulikuwa na nidhamu, nidhamu ndiyo hiyo. Kulikuwa na sindano moja ya kioo, sufuria lake na chupa za dawa, vyote kwenye sanduku moja la bati, na lile sanduku likafungwa kufuli ili liwe safi.

Jumatano homa ikarudi. Usiku huo ndio msiniulize.

Sasa nieleze jambo la mpaka, maana bila hilo hamtanielewa. Ng'ambo, upande wa Kenya, mwendo wa kuchemsha viazi, kulikuwa na dispensari nyingine kama yetu. Dresa wao aliitwa Barasa, na yeye na Mika walikuwa watoto wa dada wawili. Mpaka wa Mwingereza ulipita katikati ya ukoo wao kama wembe. Lakini walikuwa na akili. Sisi tulikuwa na sindano nzuri, wao walikuwa na blanketi nyekundu mpya. Uganda ikikaguliwa, blanketi zinavuka kuja kwetu kwa baiskeli. Kenya ikikaguliwa, sindano inavuka kwenda kwao. Kila Mzungu aliona dispensari tajiri. Hakuna aliyewahi kuziona zote mbili kwa siku moja.

Safari hii sisi Alhamisi, wao Ijumaa.

Alhamisi jua lilipotoka tu, Dresa Mika akawasimamisha wagonjwa wote. Walikuwa tisa, wengine chini kwenye mikeka. "Nyinyi mnachafua," akasema. "Mnanuka, mnatapika, mmekonda. Nendeni stoo."

Wakaingizwa stoo ya pamba. Watu wenye vifua, wakuu, ndani ya vumbi la pamba. Halafu akasimama mlangoni akatoa amri ya mwisho: "Mtu asikohoe."

Vitandani akaweka watu wazima wenye afya, waliooga, wanaojua kujibu "ndiyo bwana". Mashemeji zake wawili, mwalimu wa kanisa, fundi cherehani. Kitanda cha kwanza karibu na mlango akampa Ouma, askari wa gombolola, ile serikali ya tarafa. Huyu alikuwa mtu mkubwa, shingo kama gogo, kazi yake kuwatoa wanaume uvunguni wakati wa kodi. Alipewa ugonjwa wa kichomi, kwa sababu ndio Dresa aliweza kuueleza kwa Kiingereza. Akaambiwa avue buti. Akakataa. Akasema buti ni za serikali. Akalala nazo, blanketi nyekundu ya Kenya mpaka kidevuni.

"Ouma, kohoa kidogo," Dresa akamwambia.

Akakohoa kama anafukuza ng'ombe.

Mimi nikaambiwa Egesa aende stoo na wengine, nisimame mlangoni na ufagio, nitabasamu. Nikamwacha kwa mama mmoja mzee, Nabwire, aliyekuwa na kidonda cha mguu. Nikasimama. Kutabasamu sikutabasamu.

Mzungu akaja. Mrefu, kofia ngumu, daftari. Akaangalia mawe, akaandika. Akaangalia choo, akaandika. Akaangalia chupa za wino, akatikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Akafika kitanda cha kwanza.

Alikuwa na kile Kiswahili chao cha kuagizia chai. "Huyu iko mgonjwa gani?"

"Kichomi, Bwana Mkubwa. Anapata penisilini kila asubuhi, haturuki hata siku moja."

Nilishika ufagio kwa nguvu.

"Mzuri sana. Leo napata bado?"

"Bado, Bwana Mkubwa." Ulimi ulishateleza.

"Basi choma. Mimi nataka ona namna wewe nachoma."



Dresa Mika akafungua sanduku. Akachemsha tena, akavuta dawa, ya mtu wa ukubwa wa Ouma, mpaka kioo kikajaa. Ouma akaitazama ile sindano, nayo ikamtazama.

"Bwana Daktari," Ouma akasema, "mimi nasikia nafuu sana leo."

"Geuka," Mzungu akamwambia.

"Kweli nakwenda nyumbani. Nimepona jana."

Mzungu akafunua blanketi mwenyewe. Akaziona buti. Zilikuwa zimepigwa kiwi.

Ouma hakungoja. Yule aliyewavunjia watu milango ya nyumba alitoka kwa dirisha, na blanketi ya Kenya shingoni, akakanyaga mawe ya chokaa akaacha alama za buti nyeusi mpaka barabarani. Wale wengine wanne waliposikia kwamba sindano imeshajaa na inatafuta mtu, wakapona kwa mpigo. Mwalimu wa kanisa alitoka kwa heshima, alisema anakwenda kupiga kengele. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Vitanda vitano, mtu hakuna. Dresa amesimama katikati na sindano mkononi kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye matanga ya mwingine.

Mimi nikaweka ufagio chini, nikaenda stoo. Egesa alikuwa na pamba kwenye nyusi, anapumua kama mbwa aliyetoka kuwinda. Nikambeba, nikaingia naye.

"Wewe mfagiaji, rudi," Dresa akaninong'oneza.

Nikasema kwa sauti, "Hii ilitakiwa iwe ya sita. Ni ya nne. Mbili umemruka kwa sababu ya kitambaa cheupe."

"Nasema nini?" Mzungu akauliza.

"Anasema anafurahi sana kukuona, Bwana Mkubwa."

Sikubishana. Nilimlaza mwanangu juu ya kile kitanda, nikamgeuza, nikamshika miguu. Mzungu alimwona jinsi mbavu zilivyokuwa zinaingia, na nitampa haki yake, aliinama akamtazama. Dresa akasukuma dawa iliyozidi, ikamwagika sakafuni. Ile iliyomwagika ilikuwa ya siku mbili za mtoto wangu. Niliifagia mwenyewe baadaye.

Egesa akachomwa. Akalia. Kilio kilikuwa na nguvu, ndipo na mimi nikakaa chini.

Najua mmoja hapo chini ataandika, "Jaja, Mzungu hakugundua?" Mjukuu wangu, aliziona buti. Alijua. Lakini mtu aliyetoka Mbale kwa vumbi lile hataki kurudi na habari ndefu. Hakuuliza wagonjwa wako wapi. Nyuma ya ukuta huo huo mtu alikohoa, yeye akageuza ukurasa.

Jioni ile ile sanduku la bati likapakiwa kwenye baiskeli, likavuka kwenda Kenya. Pamoja na dawa. Nilimuuliza Dresa, "Na ya kesho?" Akasema, "Kesho ni ya Barasa."

Basi Ijumaa alfajiri nikamfunga Egesa mgongoni nikaifuata sindano.

Kule nikakuta chokaa ile ile, wagonjwa wanapelekwa kwenye migomba. Dresa Barasa alikuwa mpole kuliko nduguye, na Kiswahili chake kilinyooka.

"Shemeji, leo hatupokei wagonjwa. Njoo Jumatatu."

"Sikuja kupokelewa. Nimefuata sindano yetu."

"Shemeji, utaniharibia kazi."

"Sikuharibii. Nitamlaza Egesa hapa mlangoni kwenye kitambaa, na mimi nitakaa pembeni. Mzungu wako akija atamruka."

Alinitazama, akamtazama mtoto. Akatazama barabara. "Ingia haraka," akasema, na akamchoma ya tano kabla gari halijasikika. Nilimshukuru. Halafu nikakaa migombani na wale wagonjwa wake mpaka Mzungu wa Kenya akaondoka, nikachukua lile sanduku nikaliweka kichwani na kurudi nalo kwa miguu. Mwenye baiskeli alitaka kunisaidia. Nilimwambia aendelee na blanketi.

Jumamosi ya sita. Jumapili ya saba. Dresa Mika alichoma bila kunitazama usoni. Kifua cha Egesa kikatulia.

Sasa sikieni uchungu wenyewe. Mwezi uliofuata ukaja waraka. Dispensari imesifiwa sana kwa usafi. Na kwa kuwa siku ya ukaguzi kulikuwa na mgonjwa mmoja tu, tena mtoto, imeonekana watu wa hapa wana afya njema, kwa hiyo dawa zinapunguzwa nusu.

Nusu. Waliokaa stoo wakimeza kikohozi chao ndio waliojipunguzia dawa wenyewe kwa utii. Mama Nabwire kile kidonda kilimla mguu mpaka gotini.

Mwaka uliofuata barua ikaja tena. Safari hii Dresa Mika alikuwa amejifunza, lakini alijifunza kama wanavyojifunza wakubwa. Hakutaka tena kitanda kitupu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba watu waje waugue, mashemeji wale wale, ili dawa irudi. Wagonjwa wa kweli akawaambia wangoje, hawajui kuugua vizuri mbele ya wageni.

Akafika kwangu. Egesa alikuwa uani anakimbiza kuku, ana mashavu.

"Mama Egesa, niazime mtoto. Mzungu anamkumbuka. Akohoe kidogo tu."

Nilimwambia, "Dresa, huyu alipokohoa ulimfungia stoo. Sasa hakohoi. Rudi ulikotoka."

Akavua kofia akaondoka. Kazi ya kufagia nikanyang'anywa wiki hiyo. Nikalima mihogo.

Ninachowaambia ni hiki. Ukitaka kuijua hospitali, nenda siku ambayo hakuna anayetegemewa, ukae kwenye benchi la wagonjwa. Na ukiwa mgonjwa ukaambiwa ujifiche kidogo, wageni wanapita, usijifiche. Kohoa.

Humu najua kuna manesi, madaktari na wale wenyewe wanaotembea na daftari. Sitaki pole zenu, Egesa sasa ni mzee na magoti yanamsumbua. Nataka mnijibu jambo moja, kwa jina la bandia kama mnaogopa: wageni wakija kwenu, wagonjwa mnawaweka wapi?