Phanice, mfugaji wa hamsta anayeamka kuwatafuta sisimizi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Phanice Nekoye amepiga magoti katika chumba chake cha mabati mtaani Gatina, Kawangware. Hasali, sala alishaimaliza kitandani. Ameshika simu na kwa mwanga wake anamulika sakafu ya saruji, polepole, kuanzia mlangoni hadi chini ya rafu ya mbao iliyobeba masanduku ishirini na mawili ya plastiki.

Anatafuta sisimizi.

Ndani ya masanduku hayo mna hamsta wa kibete, wanyama wadogo wa manyoya laini wanaofugwa na watoto wa wenye nafasi. Mmoja hutoshea ndani ya kikombe cha chai na akabakiza mahali pa kugeukia. Majirani huwaita panya wa Mama Audrey. Kila sanduku lina dirisha la waya, maranda ya mbao yaliyopepetwa vumbi, na gurudumu la bati la kukimbilia.

"Usiku nikiamka kwenda choo nawaskia wanakimbia tu," asema, akijinyanyua kwa kushika ukuta. "Na mimi naamka mara tatu, mara nne. Hao hawachoki. Mimi ndio nachoka."

Leo sisimizi hawapo. Phanice anaketi kitandani, anavuta jagi, anakunywa vikombe viwili vya maji mfululizo, kisha anaanza kugawa mtama na mbegu za alizeti. Saa moja lazima awe njiani kwenda Lavington, ambako hufua nguo za watu siku nne kwa wiki. Siku njema humpa shilingi mia sita.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Bungoma, akaja Nairobi akiwa msichana wa kazi, na kwa miaka mingi alilea watoto wa wengine huku wake, Audrey, akilelewa na bibi kijijini. Miaka minane iliyopita mwajiri wake alihamia ng'ambo na familia yote. Viti viliuzwa. Mbwa alikatiwa tiketi ya ndege. Hamsta wawili walibaki jikoni ndani ya sanduku lao, na hakuna aliyesema wapelekwe wapi.

"Nikaona nikiwaacha watakufa na kiu," asema. "Nikawabeba kwa kikapu, na vitunguu."

Hakujua lolote kuhusu ufugaji wao. Watoto wa kwanza walizaliwa wanne, dhaifu, wakafa kabla hata ya kufungua macho. Wa pili vivyo hivyo. Ndipo alipompigia simu mwajiri wake wa zamani, naye akamwambia, kama mtu anayesimulia jambo dogo tu, kwamba wale wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Phanice alikaa chini akalia. "Si eti nililia panya. Kwetu hiyo ni mwiko. Nilijiona nimeoza mtoto kwa kaka yake, na nimekaa hapo nangoja wajukuu."

Katika kabila lake la Wabukusu, mtu haoi katika ukoo wa baba yake, wala wa mama yake, wala wa bibi zake. Kabla ya posa, wazee huhesabu koo hizo moja baada ya nyingine. Phanice hana mzee wa kumhesabia, kwa hiyo alinunua daftari la mistari. Wale wawili akawaita ukoo wa Lavington, walikotoka. Akapata dume kwa mwalimu mmoja wa Riruta, huo ukawa ukoo wa Riruta. Kisha majike wawili kwa mtu wa mtaa wa Congo aliyekuwa amewachoka, na koo zikawa tatu. Tangu hapo hakuna hamsta aliyepata mwenzi nyumbani kwake kabla ya ukurasa wa baba, wa mama na wa bibi wote wawili kufunguliwa.

Aliongeza na masharti mengine, mengi akiyapata kwa kukosea. Jike hazai kabla ya miezi minne, na akizaa mara tatu anapumzika maisha. Mjamzito hupewa samaki wadogo wa omena waliosagwa. Watoto wakiachishwa kunyonya, wavulana huku, wasichana kule. Mteja hauziwi dume na jike pamoja, hata akisihi vipi, na kabla ya kuuziwa hata mmoja ataulizwa maswali mengi kuliko anayeomba nyumba ya kupanga.

Watu walimcheka. Lakini wanyama wake walikuwa wazima, wapole, hawaumi watoto vidole, na sifa zikafika mbali. Mwezi mzuri aliuza wanane au kumi, kila mmoja shilingi mia nane. Kwa hela hizo Audrey alisoma ushonaji akamaliza.

Halafu akaja Chifu.

Chifu alikuwa dume wa ukoo wa Riruta, mnene, mtulivu, mwenye shingo iliyozama mabegani. Alikula chochote alichopewa na kumaliza chupa yake ya maji kabla ya adhuhuri. Phanice alimwangalia akaona mkwe. Nyumbani kwao, asema, kijana akija kuposa akiwa mnene, mama mkwe hulala usingizi, maana anajua huko binti yake anakoenda kuna chakula.

"Nikasema huyu ndiye bwana harusi. Ile kunywa maji mingi nikasema ni joto ya mabati."

Akamwoza kwa Lavington. Akamwoza kwa Congo. Daftari lilikubali kila mara, kwa kuwa koo zilikuwa tofauti. Wanawe walitoka wanene kama yeye, na wateja waliwagombania.

Februari mwaka huu aliona mstari wa sisimizi ukipanda rafu hadi sanduku la Chifu. Akadhani ni makombo ya mandazi. Akasafisha, akapaka mafuta ya taa miguu ya rafu. Kesho yake walikuwapo tena, wameikusanyikia ile pembe moja ambayo hamsta huifanya choo chake.

Hapo, asema, alikumbuka. Sisimizi wa namna hiyo alikuwa amewaona zamani, kijijini, kuzunguka beseni alilokojolea usiku mama yake, Nelima. Jirani mmoja alisema ni baraka zinakuja nyumbani. Baraka hazikuja. Nelima alikonda, akakatwa mguu, na mwaka 2016 wakamzika. Hospitali ilisema ni sukari.

Phanice alienda duka la dawa akanunua vile vijikaratasi vya kupimia mkojo. Cha Chifu kiligeuka rangi ya matope. Akapima sanduku la pili, la tatu, mpaka vikaisha, akarudi kununua vingine. Kati ya wanyama arobaini na sita, kumi na saba walikuwa na sukari. Alipofungua daftari na kufuata majina kwa kidole, alikuta ni wanne tu wasio na damu ya Chifu.

"Ile sheria ya ukoo niliifuata vizuri sana," asema, na sauti yake haina hata uchungu, ni uchovu mtupu. "Ndio maana ugonjwa ilifika kila boma. Kama ningekuwa mzembe ingebaki kwa nyumba moja."

Siku hiyo alitenganisha madume na majike wote. Hakuna aliyezaa chumbani mwake tangu wakati huo.

Angeweza kunyamaza. Mwenye duka moja la wanyama wa nyumbani, Kiragu, alimpigia simu mwezi Agosti akitaka arobaini kwa ajili ya likizo ya Desemba. Phanice alimweleza kila kitu. Kiragu akacheka kwa upole.

"Mama, nani atapima mkojo ya hamsta? Hiyo kitu inaishi miaka mbili. Mtoto atalia siku moja, anunuliwe ingine."

"Na hiyo ingine pia itoke kwangu?" Phanice alimuuliza.

Kiragu alinunua kwingine. Shilingi elfu thelathini na mbili zilipita hivyo mlangoni pake, zikaenda zao, na mwezi huo alilipa kodi kwa mafungu matatu.

Kazi iliyomchosha zaidi ilikuwa bado. Daftari lilikuwa na majina ya watu thelathini na mmoja waliochukua wana na wajukuu wa Chifu. Simu zingine hazikupatikana. Akaamua kwenda kwa miguu, nyumba baada ya nyumba, baada ya kufua. Mlango mmoja ulifungwa kabla hajamaliza sentensi. Mama mmoja alidhani amekuja kuomba pesa za matibabu ya panya.

Sarang'ombe, Kibera, alimkuta Jael Achieng', fundi wa cherehani aliyemnunulia binti yake hamsta mmoja, akimlisha ndizi mbivu kila siku kwa mapenzi.

"Umetoka Kawangware na miguu kuja kuniambia panya yangu iko na sukari?" Jael aliuliza.

"Ndiyo. Na uache kuipea ndizi."

Jael alimtazama viatu vilivyojaa vumbi, akaweka kitambaa chini. "Keti kwanza. Nimepika chai. Yako niweke sukari ngapi?"

Wote wawili wakacheka mpaka binti akatoka nje kuona kuna nini. Phanice alikunywa chai hiyo bila sukari. Anasema siku hizo alikuwa ameanza kuogopa kila kitu kitamu, ila hakutaka kujiuliza kwa nini.

Ni Jael aliyemwelekeza kwa Timothy Lusweti, fundi wa bati milango minne mbele, anayetengeneza karai, majiko na mageti madogo. Lusweti alikuwa na hamsta watano aliowapata kwa rafiki huko Nakuru, wasio na undugu wowote na wa Kawangware. Miongoni mwao mlikuwa na dume mmoja mwembamba, mwenye haraka, ambaye Phanice wa zamani asingemtazama mara mbili.

Aliomba kumpima. Akarudi baada ya mwezi akampima tena. Alipokuja mara ya tatu, Lusweti aliweka nyundo chini.

"Mama, mimi binti zangu walioleka bila hii maswali yote."

"Na walioleka wapi?"

"Mmoja alirudi," Lusweti alikiri.

Vipimo vyote vitatu vilikuwa safi. Mahari iliafikiwa kuwa kilo mbili za alizeti, na Lusweti akaongeza gurudumu jipya kwa hisani yake. Dume huyo yupo sasa kwenye sanduku la juu kabisa, karibu na mlango, peke yake. Ukoo wake umeandikwa Sarang'ombe. Jike anayemngojea ni wa Congo, mmoja wa wale wanne.

Wagonjwa hawakuuawa. Waliosalia ni kumi na mmoja, kwenye rafu ya chini, na hula mtama na mboga za terere bila tunda lolote. Chifu alikufa Juni, usingizini, akiwa amekonda. Phanice alimzika nyuma ya choo cha ploti jioni moja mvua ikinyesha, na hamung'unyi maneno anapokiri kwamba alimlilia.

Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba leo, baada ya miezi tisa, mama huyu ana furaha. Hana. Anaulizwa harusi ya Sarang'ombe na Congo ni lini. Anajaza tena kikombe chake cha maji, anakunywa, anafuta mdomo kwa kiganja, na ndipo anasema jambo ambalo limekaa kifuani mwake tangu wiki mbili zilizopita.

Audrey ana mimba ya miezi mitano. Kliniki huko Bungoma wamemuuliza kama kwao kuna sukari. Kuhusu bibi yake alijua. Kuhusu mama yake hakujua, na akapiga simu.

"Akaniuliza, 'Mama, wewe ulishapimwa? Niwaambie nini?' Nikamwambia network ni mbaya. Nikakata."

Anaweka kikombe chini. Huko juu dume wa Sarang'ombe ameanza kukimbia, na bati la gurudumu linalia taratibu.

"Watu thelathini na moja nimewafuata kwa miguu juu ya panya," asema. "Mtoto wangu nimemkatia simu."

Anajua anachokiogopa. Kiu anaiona. Safari za chooni anazihesabu. Kanisani kwake wahudumu wa kujitolea wamekuja kupima sukari bure mara tatu mwaka huu baada ya ibada, na mara tatu Phanice ametokea mlango wa nyuma, akijiambia kuna nguo za watu hazijaanuliwa. Vijikaratasi vya kupimia viko hapo hapo juu ya rafu, ndani ya kopo. Hajawahi kujipima hata na kimoja.

"Mama yangu alipoambiwa, hakumaliza miaka mitatu. Hiyo ndio naona nikifunga macho." Anatikisa kichwa. "Lakini si hata yeye alichelewa kwa sababu hakuna mtu alitaka kujua?"

Jumapili hii wahudumu wanarudi. Phanice amemwambia Jael, na Jael ameahidi kuvuka kutoka Kibera aje asimame naye kwenye foleni, na aulinde ule mlango wa nyuma.

Saa moja inakaribia. Phanice anafunga leso, anachukua daftari kutoka chini ya mto na kulifungua ukurasa wa mwisho, ambao haujawahi kuwa na hamsta. Juu ameandika Nelima, na mbele yake neno sukari. Chini ya Nelima ameandika Phanice. Chini ya Phanice, Audrey, na chini ya Audrey ameacha mstari mtupu. Mbele ya jina lake pia pako wazi.

"Hapa ndio nitajaza," asema, akiweka kidole. "Nikitoka kanisa nampigia Audrey kabla hata ya kula. Iwe nzuri, iwe mbaya, mtoto ajue ukoo wake."

Na harusi?

Anafunga daftari, anazima taa, anaangalia sakafu mara moja zaidi kabla ya kufungua mlango.

"Harusi ni Jumatatu," asema Phanice. "Jumapili ni yangu."