Chumba Kisichotandikwa Mkeka

Gari la samaki limesimama kando ya soko la Kilwa Masoko, na Cecilia Likwata hamwamini dereva. Anafunua boksi, anachungulia, anaingiza mkono uliovaa glovu nzito, kisha anamtazama Eusebio kama mtu aliyemfumania jikoni kwake.

"Hii ya lini?"

"Ya jana, mama. Nimeipakia Dar mwenyewe."

"Mbona imenywea?"

Eusebio anacheka, maana amezoea. Hii ni barafu kavu, anayokuja nayo kwa ajili ya kusafirishia samaki. Haiyeyuki ikawa maji kama barafu ya kawaida. Inageuka gesi, inafuka moshi mweupe na kupungua, hata ukichelewa unakuta boksi tupu. Inayozidi humuuzia Cecilia, na kila safari lazima ahojiwe kama yuko kituo cha polisi.

Cecilia, mwenye miaka 43, anaishi kwa kujaza gesi mitungi midogo ya mashine za kutengenezea soda nyumbani. Mashine hizo hukaa mezani. Unaweka chupa ya maji, unabonyeza, maji yanatoka na mapovu. Gesti za wageni zinazo, na wapo akina mama wanaozitumia kutengeneza soda za ukwaju na rozela za harusini. Zamani gesi ikiisha, mtungi ulipandishwa basi kwenda Dar es Salaam. Siku hizi unapelekwa kwa Cecilia.

Chumbani kwake anaiponda barafu na kuimimina mtungini kwa faneli, igeuke gesi humo ndani, jicho halibanduki kwenye mizani. Ikizidi kipimo, mtungi unaweza kupasuka na kumtoa mtu roho. Wenye kutu anaurudisha kwa mwenyewe, na akinuniwa shauri yake.

"Mtungi siuamini, mwenye mtungi simwamini," anasema. "Hata mizani yangu naipima kwanza kwa pakiti ya sukari."

Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Kabla hajaonyeshwa pa kukaa, aliulizwa swali moja kavu: "Umetumwa na Bi Kibibi?"

Bi Kibibi ndiye mwenye nyumba, na amekwisha kumwambia Cecilia ahame mwezi ukiisha. Chumba hiki kina milango miwili inayotazamana, upepo unaingia huku na kutokea kule. Cecilia amezunguka Masoko nzima hajapata kingine cha namna hiyo, na bila upepo kazi haifanyiki. Kazi hiyo humwachia kama shilingi laki mbili na nusu mwezi ukiwa mzuri, na karibu zote humfuata binti yake Antonia, anayesoma bweni Lindi.

Majirani nao wana yao. Wanasema gesi yake inaibwa kwenye visima vya kisiwa cha Songo Songo na kuletwa kwa mashua.

"Ile ya Songo Songo inawaka," Cecilia anasema kwa uchungu. "Hii inazima moto. Lakini nani wa kunisikiliza? Wameona moshi, wameona nafukuza watoto wao mlangoni, basi wamenihukumu."

Lakini kilichoharibu mambo zaidi ni mkeka. Cecilia ametoka vilima vya Kipatimu, na kule kwao kama hapa pwani, mgeni anatandikiwa mkeka, anakaribishwa, anakaa. Kwake hakuna mkeka. Wiki mbili zilizopita Bi Kibibi alikuja na sahani ya vitumbua. Alipoona hatandikiwi, akakusanya khanga yake ajikalie sakafuni hivyo hivyo. Cecilia akamdaka mkono na kumwinua juu.

"Usikae hapo!"

Mtu mzima, tena ndani ya nyumba yake! Bi Kibibi aliondoka na vitumbua vyake, na jioni ile ile akatoa neno la kuhama.

Kwa nini hakumweleza? Cecilia anashusha sauti na kutazama mlangoni. "Ningemwambia nini? Kwamba gesi hii ni nzito, inatulia chini, anayekaa sakafuni ndiye anayeivuta kwanza, anaweza kuzimia asiamke? Si angenitoa siku hiyo hiyo!"

Hodi inapigwa. Ni Bi Kibibi, amebeba kiti chake cha plastiki.

"Shikamoo, bibi," anasema Cecilia.

"Marahaba, Mama Antonia. Leo una mgeni wa gazeti. Basi niambie mbele yake, ndani mwangu mna nini hata mimi nisikae?"

Cecilia anatia vipande vya barafu kwenye beseni sakafuni, anasubiri moshi utambae, anawasha kiberiti. Juu ya meza kinawaka vizuri. Anakishusha ndani ya beseni, kinazimika. Anawasha cha pili, nacho kinazimika.

"Ndiyo hiyo, bibi. Iko chini. Niliogopa isikudhuru, nikaogopa na kukwambia. Nisamehe."

Bi Kibibi anatazama beseni, anatazama milango, macho yake yanakwenda hadi pembeni, kwenye godoro lililokunjwa na kuegemezwa ukutani.

"Na wewe unalala wapi?"

"Hapo."

"Chini?"

"Nafungua milango kwanza, bibi. Upepo ukishapita ndiyo nalala."

"Na siku usiposubiri? Siku umechoka?"

Cecilia anainamisha kichwa. Mtu asiyemwamini dereva wala mizani, usingizi wake ameuamini.

"Humu hutaijaza tena," anasema Bi Kibibi, akichukua kiti chake. "Kuna banda uani, halina kuta. Huko utafanya, na mimi nitakuwa nakaa mbali nakuangalia. Bado sijakuamini."

Alasiri Cecilia anafagia banda. Anataka kujenga meza ya zege, aweke uzio watoto wasikaribie, na Antonia akimaliza shule amkute na wateja hadi kijiji cha Pande. Mara vijana wawili wanaingia uani wamebeba kitanda cha kamba. Wanakiweka mlangoni kwake na kuondoka.

Cecilia anakizunguka, anakishika miguu, anakivuta kamba.

"Kodi hajapandisha, kunifukuza ameghairi, na sasa kitanda," ananong'ona. "Huyu bibi anataka nini kwangu?"

Dirisha la mwenye nyumba liko wazi, na Bi Kibibi amesikia.

"Nataka asubuhi uamke."